Sukari Imekwisha

Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2005, kitu cha kwanza kilichomfanya wifi yangu Kantengwa acheke kilikuwa kichaka. Kilikuwa kimeota nyuma ya choo cha watu waliotutangulia, kina majani marefu na maua meupe yaliyojaa vumbi. Alichuma jani, akalitafuna, akakunja uso, kisha akamwuliza mama mmoja wa Kinyankore aliyekuwa akipita na kuni kichwani, hiki mnakiitaje? Yule mama akajibu kwamba ni omubirizi. Kantengwa akageuka akatutazama, sisi tuliokuwa tumekaa juu ya mabunda yetu na vumbi mpaka kwenye kope, akacheka. Kule kwetu Kongo, milimani Itombwe, tunauita umubirizi. Alisema nchi ambayo mti wake unaitika jina lile lile haitatufukuza.

Kantengwa ni mke wa kaka yangu mkubwa, Nkusi. Mtoto wao wa kwanza ni Munezero, kwa hiyo kambini wote wanamwita Mama Munezero. Majani alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na ng'ombe, kama walivyokuwa wakisema kwa utani, maana kwetu dawa huanza kwa ndama. Ndama akiharisha, akipata minyoo, akikataa kunyonya, kuna jani. Ndama akipona, mtoto naye hupewa kidogo. Mubirizi aliutwanga kwenye kinu, akauloweka katika maji baridi, akaukamua kwa kitambaa mpaka maji yakawa ya kijani na povu juu. Uchungu wake unabaki kwenye ulimi mpaka kesho. Watoto wangu walipokuwa na homa niliwapeleka kwake na walikimbia wakiona kinu tu.

Hakuwa mganga. Hakuvaa kitu, hakuomba kitu. Watu walimletea sabuni au maharagwe, na asiyekuwa na kitu alikunywa na kwenda. Kule nyumbani alikuwa mke wa mtu mwenye ng'ombe. Hapa mumewe alichunga ng'ombe wa mtu mwingine, tajiri mmoja wa Endiinzi, na mshahara wake ulikuwa maziwa, na ndama jike kila baada ya muda. Kwa miaka kadhaa walipata ng'ombe wao wachache. Kaka yangu alirudi kuwa mtu. Jioni alitembea mbele ya ng'ombe wake akiimba, gambuti zikipiga kelele miguuni, na mimi nikimwona nilikuwa nasahau kwamba tuko ugenini.

Mwaka 2009 alianza kukonda. Alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na kila wakati alikuwa nje akikojoa. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nikiona kidumu cha maji kimeisha kabla ya saa sita najiuliza nani amekunywa. Nilimwambia Kantengwa, naye alikuwa ameshaona. Kwenye kituo cha afya wakamtoboa kidole, wakasema ana sukari.

Kaka yangu alikataa kabisa. Alimwambia muuguzi mbele ya foleni nzima, "Mimi nakunywa maziwa. Sukari sijaiweka mu chai tangu nizaliwe. Hiyo sukari imetoka wapi?" Watu walicheka, na yeye akacheka pia, lakini alirudi nyumbani na vidonge.

Kantengwa aliwaza kwa njia yake. Kama ugonjwa ni wa utamu, aliniambia, basi kinachouweza ni uchungu. Akaanza kumpa mubirizi asubuhi na jioni, juu ya vile vidonge. Kiu ilipungua. Aliacha kuamka amechoka. Walipompima tena, namba ilikuwa imeshuka, na muuguzi akamsifu kwa kumeza dawa vizuri. Kantengwa alikuwa amekaa pembeni akitabasamu peke yake. Kuhusu majani hakusema neno. Siku moja kwenye foleni ile ile mzee mmoja alikuwa amesema kwamba anakunywa majani, akagombezwa kama mtoto, na Kantengwa hakutaka aibu ile. Kwa hiyo kule kituoni walijua vidonge tu, na nyumbani sisi tuliamini majani zaidi.

Mwaka uliofuata kanisa letu lilitangaza mfungo. Kulikuwa na familia zilizokuwa zikisubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kwenda Amerika, na Pasta Constantin alitaka tuwaombee, siku tatu bila chakula. Nkusi ni mtu wa imani. Alifunga. Lakini vidonge alivimeza, kwa sababu dawa si chakula, na mubirizi aliunywa, kwa sababu majani si chakula.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nikichota maji nikasikia akiita ng'ombe. Nilishangaa, maana majina aliyoyaita yalikuwa ya ng'ombe wa Itombwe, wale walioporwa zamani, ambao sikuwa nimesikia majina yao tangu tukimbie. Nilipofika kwenye zizi alikuwa ameshika mti wa uzio kwa mikono miwili, anatetemeka, shati limelowa kama amenyeshewa. Aliniangalia akaniita kwa jina la mama yetu.

Kantengwa alikuja mbio. Alimgusa paji la uso, akasema sukari imempanda, akaingia ndani na kutoka na kikombe cha mubirizi mzito kuliko siku zote. Jirani mmoja alikuwa na chupa ya soda, akaileta apewe mgonjwa anywe apate nguvu. Kantengwa aliipiga ile chupa kwa mkono mpaka ikamwagika.

"Unataka kuniulia bwana?" akamwambia. "Mutu ana sukari, na wewe unamuletea sukari."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi niliona ana haki. Kaka yangu alimeza mafunda mawili ya ule uchungu, macho yakageuka, akaanguka.

Gari la mtu wa maziwa lililokuwa likielekea Mbarara ndilo lililowachukua, yeye na Kantengwa. Mimi nilibaki na watoto na ng'ombe. Siku ile sikuweza hata kuosha chombo. Kila pikipiki iliyopita njiani nilidhani inaleta habari ya msiba.

Habari ilikuja kesho yake jioni, na ilikuja kwa miguu. Kaka yangu alishuka kwenye boda boda akatembea mwenyewe mpaka mlangoni. Kantengwa alikuwa nyuma yake, kitenge kimejikunja, uso unang'aa. Hakusalimia. Alinikamata mikono.

"Mama Shimwa, sukari imeisha," akasema. "Si mimi ninasema. Ni banganga benyewe ba hospitali."

Akanieleza yote. Kule hospitalini walimtundikia serumu mkononi, na kabla chupa haijafika nusu, Nkusi alifungua macho akaomba maziwa. Ndipo muuguzi, binti mmoja mpole mwenye Kiswahili cha Uganda, akamwambia maneno haya, ambayo Kantengwa aliyarudia kwangu kama mtu anayesoma Biblia: "Mama, sukari ya mzee ilikuwa imekwisha kabisa. Sasa yuko sawa. Vidonge asimeze kwanza. Arudi wiki ijayo tumwone."

Yule binti hakukosea. Alisema jambo lilivyokuwa, kwa maneno ambayo mtu yeyote wa Mbarara angeyaelewa. Lakini sisi, sukari lilikuwa jina la ugonjwa. Mtu ana sukari, mtu amekufa kwa sukari. Ukiambiwa sukari imekwisha kabisa, na mtu yuko sawa, na vidonge asimeze, unasikia nini? Kantengwa alisikia kwamba mumewe amepona. Na aliyepona hurudi hospitali kufanya nini? Wiki ijayo ilifika, wakakaa nyumbani.

Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Alisimulia mfungo, akasimulia mubirizi, akasimulia maneno ya muuguzi. Alisema Mungu ameweka dawa nyuma ya choo na sisi tunaipita. Kanisa liliimba mpaka mabati yakatetemeka, na kaka yangu alicheza mbele ya watu akirusha mikono juu kama pembe, kama tulivyocheza kwetu.

Kuanzia hapo kichaka cha Kantengwa hakikupumzika. Walikuja watu wa kambini, wakaja wa Kabingo, wakaja Wanyankore wa Endiinzi wenyewe, ambao mti huo unaota kwenye nyua zao, lakini walitaka uliokamuliwa na mkono wa Mama Munezero. Aliwapa wote. Kwa wale wenye vidonge hakusema waviache. Lakini walimwona Nkusi ameacha, nao wakaacha. Bibi Yudita wa kwaya alikuwa mmoja wao. Alifariki mwaka ule ule kabla ya mvua. Alikuwa mzee, na hakuna aliyesema chochote. Mimi niliona tu kwamba miezi yake ya mwisho alikuwa anatembea na kidumu kidogo cha maji mpaka kanisani.

Kidumu cha kwetu nacho kilianza tena kuisha mapema. Nilimwambia Kantengwa. Alisema ni jua. Kila mtu ana kiu mwaka huu. Nikamwambia mume wake amekonda shingo. Akaniambia, wifi, macho yako yanatafuta ubaya. Alisema bila hasira, akicheka, na akaongeza kikombe cha mchana.

Kisha ikaja ile gambuti. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kaka yangu alitembea nao siku nzima nyuma ya ng'ombe bila kujua. Jioni alipovua, soksi ilikuwa na damu. Alishangaa, akaingiza kidole kwenye tundu la soli akauonyesha msumari kwa watoto kama mchezo. Kantengwa aliosha kidonda, akafunga majani yaliyopashwa moto. Kila siku alifungua, akaosha, akafunga. Aliniambia kwa fahari kwamba hata akikikamua kwa nguvu Nkusi haumii. Aliona hiyo ni alama ya dawa nzuri, dawa isiyouma. Lakini kidonda hakikufunga. Kilibadilika rangi, kikaanza kunuka, na Kantengwa akabadilisha majani, akajaribu muravumba, akajaribu shubiri.

Wakati huo alikuwa akimpelekea majani makavu mama mmoja wa Kakoba, mjini Mbarara, Swabulah, mwenye kibanda cha viungo, habasoda na hulba. Siku moja nilikwenda naye, nilikuwa nataka kumnunulia mwanangu Shimwa viatu. Swabulah alitukaribisha kwa utani wake wa kila siku, akisema mama wa Kongo ameleta tena uchungu wa nchi yake kana kwamba Uganda haina wa kwake. Ndani ya kibanda, juu ya mkeka, alikuwa amekaa mumewe, Mzee Faruku, amejifunika shuka na jua lote lile, ananyonya peremende. Maganda yalikuwa yametapakaa mbele yake.

Tulijua kwamba Mzee Faruku ana sukari. Ndiye aliyekuwa akinywa majani ya Kantengwa. Kantengwa akamtazama, akamtazama mkewe.

"Mama Faizal, mzee anakula peremende?"

"Mwache ale, nyabo," akasema Swabulah. "Leo asubuhi sukari ilikwisha, karibu anifie hapo kwenye mkeka."

Kantengwa akapiga makofi. "Imeisha? Basi Mungu asifiwe. Amepona kama wangu."

Swabulah alicheka sana. Mzee Faruku naye alicheka, peremende ikiwa shavuni, akasema huyu mama anataka kunizika nikiwa nimepona. Walidhani ni utani. Kisha Swabulah akamwona uso, akaacha.

"Amepona nini?" akasema taratibu. "Sukari ya mwilini ikikwisha, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea upuuzi, anaanguka. Usipompa kitu kitamu haraka anakufa. Ugonjwa uko pale pale. Wako walimfanyaje?"

"Walimuwekea serumu."

"Basi ndani ya ile chupa kulikuwa na sukari, mama. Walimwekea sukari."

Kantengwa alibaki amesimama na lile gunia la majani mkononi. Nilimwona akisogeza midomo, nikajua anayarudia yale maneno ya yule binti, moja moja, na kila moja sasa linamgeukia upande mwingine. Asimeze kwanza: maana yake kwa sasa, siyo basi. Arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa imepita zaidi ya mwaka.

Hatukununua viatu. Njiani aliongea mara moja tu. Aliniuliza kama naikumbuka ile chupa ya soda. Nilisema naikumbuka. Akageuza uso dirishani.

Kesho yake tulimpeleka Nkusi hospitali. Daktari aliangalia mguu, akabonyeza kwa kalamu juu ya kifundo, akauliza kama anasikia. Kaka yangu akasema hasikii. Akabonyeza juu zaidi. Akasema hasikii. Kantengwa alikuwa amesimama ukutani, na kila Nkusi alipojibu hasikii, yeye alifumba macho. Walitueleza kwamba mguu umeshaoza kwa ndani, na kwamba wakiuacha utamchukua mtu mzima. Waliukata chini kidogo ya goti.

Alipozinduka na kuelewa, kaka yangu hakulia. Alikaa siku kadhaa anatazama lile shuka lilivyolala bapa upande mmoja. Kantengwa alimlisha uji, akamwosha, akamsimulia yote aliyoyasikia Kakoba. Hakujificha. Alimwambia, mimi sikusikia vizuri. Nkusi alimaliza uji kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema habari ya mvua:

"Kama ungesikia muzuri, mimi ningekuwa na mguu yangu."

Ni mara hiyo tu. Hakulirudia neno hilo, na hakuliondoa.

Ng'ombe walihamia Endiinzi, wakichungwa na Munezero. Mtu wa mguu mmoja hachungi kwenye vilima vile. Kantengwa alikwenda kwa Pasta Constantin akamwambia kwamba anataka kurudisha ushuhuda wake. Pasta alipata shida. Kwetu kuna saa ya kutoa ushuhuda. Saa ya kuurudisha haijawahi kuwepo. Alimwambia anaogopa wadhaifu wataanguka, na kwamba Mungu anajua moyo wake. Kantengwa akasema Mungu anajua, lakini wanaokunywa majani hawajui. Jumapili alisimama bila kuitwa. Alisema: ndugu zangu, sukari haikuwa imeisha. Mimi nilisikia vibaya. Wenye vidonge mrudi kwenye vidonge vyenu, na mkinywa majani mwambie daktari. Watu, kwa mazoea, waliitika amina. Baadaye nje ya kanisa nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba uchungu wa mguu umemvuruga Mama Munezero akili. Mwingine akasema hapana, amepata soko Mbarara, hataki tena kutugawia.

Bado wanakuja. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja kutoka Kabingo na mke wake juu ya pikipiki, kwa sababu mtu fulani alimwambia kuhusu mtu fulani aliyepona. Kantengwa aliacha kufua, akaenda nao mpaka kituo cha afya, akakaa nao kwenye foleni mpaka jina likaitwa. Majani ya tumbo bado anawapa watoto. Ya sukari hapana.

Kwenye kliniki ya Mbarara tunakwenda sote watatu, maana Nkusi na magongo yake anahitaji mtu kila upande. Ndani ya chumba anaingia na Kantengwa. Nimeingia nao mara kadhaa nikaona anavyofanya. Muuguzi akisema jambo, Kantengwa anasema, rudia mama. Akirudia, anauliza hiyo ni kusema nini. Kisha anaomba aambiwe kwa Kinyankore, ambacho sasa anakisikia kidogo, halafu yeye mwenyewe anarudia kwa Kiswahili, polepole, kidole kimoja juu ya meza: asubuhi kimoja, baada ya kula, siyo kabla; akitetemeka apewe soda; tarehe fulani arudi, hata akiwa mzima. Nje watu wanalalamika kwamba yule mama wa Kongo anamaliza siku. Kuna muuguzi mmoja anamwita mwalimu kwa kumchokoza. Yeye hacheki. Anasubiri mpaka muuguzi aseme ndiyo, ni hivyo.

Tukitoka tunamkalisha kaka yangu kwenye benchi, chini ya ukuta, tukisubiri gari. Kantengwa anakwenda kununua maji. Naye Nkusi, akishaona mkewe amefika mbali, ananigeukia mimi.

"Balisema nini?"

Namwambia amwulize Mama Munezero, ndiye aliyesikia. Anaweka magongo vizuri kando yake, anatazama barabara, na Kantengwa akirudi na chupa anaipokea, anasema asante, anakunywa.